Sydney, 1878: Mgomo Uliopigiwa Makofi na Matajiri

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliofanya kazi bandarini, kina mama, na nyinyi vijana mliojazana huko nyuma karibu na mlango: asanteni kwa kuniita.

Tukikutana kuzungumzia historia ya wafanyakazi, mara nyingi tunasimuliana migomo iliyovunjwa. Tunataja waliofungwa, waliofukuzwa, waliopigwa risasi, halafu tunatikisa vichwa. Mimi leo nimewaletea mgomo ulioshinda. Ulichukua wiki sita na siku kadhaa. Magazeti mengi yaliuunga mkono, wafanyabiashara waliuchangia fedha, wanasiasa waliusifu, na serikali moja ya kikoloni ikamgeukia mwajiri kwa ajili yake. Ni kwa sababu hizohizo nautilia mashaka, na ndiyo maana nimeona tuutazame kwa makini.

Ulianza Sydney tarehe 18 Novemba 1878. Nchi iitwayo Australia ilikuwa bado haijazaliwa. Kulikuwa na makoloni sita ya Waingereza, kila moja na bunge lake na gavana wake, yote yakiwa yamekaa juu ya ardhi ya watu wengine ambao hawakuulizwa. Barabara zilikuwa mbaya na reli fupi, kwa hiyo abiria, barua, ng'ombe na makaa ya mawe vilisafiri kwa bahari. Mwenye sauti katika pwani ya mashariki alikuwa kampuni ya meli za mvuke iitwayo Australasian Steam Navigation. Watu waliiita ASN.

Mwaka ule ASN ilianza kuwashusha mabaharia Wazungu kutoka baadhi ya meli zake na kupandisha Wachina walioandikishwa Hong Kong. Mchina alilipwa chini ya nusu ya mshahara wa Mzungu kwa kazi ileile, ya sitahani na ya kule chini kwenye tanuri, ambako mtu anachochea makaa mpaka ngozi inababuka. Wakubwa wa kampuni walijitetea kwamba wapinzani wao katika njia ya Asia walikuwa tayari wanatumia Wachina, na kwamba bila kufanya hivyo biashara ingewashinda. Chama cha mabaharia, kilichokuwa na umri wa miaka michache tu, kilipinga. Kampuni ikaonyesha wazi kwamba ina nia ya kuongeza Wachina katika meli nyingine. Mabaharia wakashuka.

Naomba tuwatendee haki. Kuna watu wakisikia habari hii wanasema haraka: wale walikuwa wabaguzi tu, basi. Ubaguzi ulikuwepo, tena mwingi. Lakini mishahara ilikuwa inakatwa kwelikweli, na aliyeikata hakuwa Mchina. Mchina hakukaa na wakurugenzi kupanga kwamba yeye alipwe chini ya nusu. Alitia alama kwenye mkataba Hong Kong, koloni la Waingereza, na sheria ya Waingereza ya meli za biashara ilimhesabu mhalifu baharia yeyote aliyeacha kazi kabla mkataba haujaisha. Sheria hiyo ilimbana Mzungu pia. Kwa hiyo mwajiri alikuwa mmoja, sheria moja, tanuri moja. Kilichotofautiana ni bahasha ya mshahara.

Chama kingeweza kudai bahasha zilingane. Hakikudai hivyo. Kilidai Wachina waondolewe melini.

Ili tuelewe kwa nini dai hilo lilikuja kirahisi namna ile, turudi nyuma kidogo, ila sitakaa sana huko. Mwaka 1840 Uingereza iliacha kupeleka wafungwa New South Wales. Wafugaji wakubwa wa kondoo, waliozoea kuchungiwa na wafungwa, wakahangaika kutafuta mikono ya bei rahisi. Mwaka 1848 meli iitwayo Nimrod ilileta Sydney shehena ya vibarua Wachina kutoka bandari ya Amoy, na nyingine zikafuata. Kwa hiyo mtu wa kwanza kumtaka Mchina Australia alikuwa kabaila mwenye maelfu ya kondoo. Halafu mwaka 1851 dhahabu ikapatikana, na Wachina wakaanza kuja kwa maelfu, wengi kwa mikopo, kujichimbia kama watu wengine. Koloni la Victoria likatunga sheria mwaka 1855: kila Mchina anayeshuka alipiwe pauni 10, na meli isibebe zaidi ya Mchina mmoja kwa kila tani 10. Wazee mnaijua kodi ya kichwa. Wachina wakaikwepa kwa kushukia Robe, katika koloni jirani la South Australia, na kutembea mamia ya kilomita porini hadi machimboni. Mwaka 1861 huko Lambing Flat, New South Wales, wachimbaji Wazungu waliwavamia, wakachoma mahema yao na kuwakata nywele zao za mkia kama nyara. Baada ya hapo dhahabu ya juujuu ikapungua, Wachina wengi wakarudi kwao, sheria zikafutwa, na chuki ikalala.

Iliamshwa na waajiri, na hapa nataka mnisikilize vizuri. Mwezi Desemba 1873, katika mji mdogo wa Clunes, Victoria, wachimbaji wa mgodi wa Lothair walikuwa wamegoma. Ugomvi ulihusu zamu ya Jumamosi mchana: walitaka wapumzike, kampuni ilitaka wateremke shimoni. Kampuni ikakodi magari ya farasi, ikapakia Wachina kutoka Ballarat na Creswick, ikayapa magari hayo ulinzi wa polisi, na kuyaelekeza Clunes kuvunja mgomo. Wenyeji wakaziba barabara. Wanawake walikuwa mstari wa mbele wakirusha mawe. Magari yakageuzwa, mgomo ukashinda, na mwaka uliofuata chama kikubwa cha wachimbaji wa Victoria kikaundwa kwa moto wa Clunes.

Mmoja wa wakurugenzi wa Lothair alikuwa Peter Lalor. Kwa Waaustralia jina hilo si dogo. Desemba 1854, kwenye boma la Eureka pale Ballarat, Lalor ndiye aliyewaongoza wachimbaji kushika silaha dhidi ya leseni za kikoloni za kuchimba dhahabu, akapoteza mkono wake kwa risasi. Miaka 19 baadaye shujaa huyohuyo yuko upande wa hisa, na kampuni yake inaleta wavunja mgomo chini ya ulinzi wa polisi wa serikali aliyopigana nayo. Vijana mnaosoma siasa chuoni, mtu akiwauliza tabaka ni kitu gani, mwelezeni habari za mkono wa Peter Lalor.

Sasa turudi Sydney. Mabaharia wa 1878 walikuwa na kumbukumbu hiyo yote. Makuli wa bandarini wakawa upande wao, wachimba makaa ya mawe wakawaunga mkono, vyama vingine vikachanga. Hadi hapo ni mshikamano tunaoufahamu. Lakini wakaja na wengine. Katika bustani ya Hyde Park ilifanyika mikutano mikubwa ambayo mafundi, wenye maduka na wanasiasa walisimama jukwaa moja na mabaharia. Mwanzoni mwa Desemba kulikuwa na maandamano ya usiku yenye mienge, na baadhi ya watu wakajitenga wakajaribu kuichoma karakana ya seremala Mchina ambaye hakuwa na meli wala tanuri wala uhusiano wowote na ASN. Huko kaskazini serikali ya Queensland, ambayo ilikuwa ikiilipa kampuni ile kubeba barua, ikatishia kuzuia fedha hizo endapo meli zitaendeshwa na Wachina.

Jiulizeni, wakubwa hawa walikuwa wakipigia makofi nini? Mwenye duka la Sydney hakuwa na mazoea ya kufurahia mgomo. Ungekuwa mgomo wa nyongeza ya mshahara peke yake, angewaita mabaharia wavivu na walevi. Ila huu aliuona ni ulinzi wa koloni la Wazungu, na mabaharia wakawa askari wake wasiolipwa. Sensa ya 1881 ilihesabu Wachina 10,000 na ushei katika New South Wales yenye watu wapatao 750,000. Idadi hiyo haikuwa tishio kwa mwenye duka. Lakini ilimpa nafasi ya kusimama na mfanyakazi bila kugharamika hata senti moja ya mshahara.

Mapema Januari 1879 kampuni ilikubali kupunguza idadi ya Wachina na kutoendelea kuwasambaza katika meli nyingine. Haikuwaondoa wote mara moja. Mabaharia walirudi kazini wakishangilia, na haki yao kushangilia, maana kampuni kubwa ilikuwa imepigishwa magoti.

Matunda ya ushindi huo yalivunwa zaidi bungeni kuliko melini. Waziri mkuu wa koloni, Henry Parkes, alileta muswada wa kuwazuia Wachina mwaka huohuo wa 1879. Ukaangushwa na baraza la juu, lililojaa wafugaji wakubwa na matajiri wa biashara, watu ambao hawakuwa na shida na Mchina alimradi awe wa bei rahisi. Mwaka 1881 ndui ilipoingia Sydney na lawama zikatupiwa Wachina, sheria ikapita: pauni 10 kwa kichwa, Mchina mmoja kwa kila tani 100 za meli. Mwaka 1888 meli iitwayo Afghan ilizuiwa kushusha abiria wake Wachina Melbourne, ikazuiwa Sydney, na kodi ikapandishwa hadi pauni 100.

Wachina wenyewe walijibu, tena kwa maandishi. Mwaka 1879 Wachina watatu mashuhuri wa Melbourne, Lowe Kong Meng, Cheok Hong Cheong na Louis Ah Mouy, walichapisha kijitabu cha kujitetea. Walikumbusha kwamba Uingereza ndiyo iliyobomoa milango ya China kwa mizinga, na kwamba mkataba wa Peking wa 1860 uliwaruhusu Wachina kwenda kufanya kazi katika makoloni yake. Leo milango yetu imebomolewa na yenu mnaifunga, ndiyo hoja yao kwa ufupi. Hoja nzito. Lakini nao walikuwa waheshimiwa wakitetea heshima ya taifa lao, na kuli wa tanurini hakuwa na kijitabu chake.

Sasa nafika mwaka 1890, na kama mtasahau mengine yote naomba huu muukumbuke. Mwezi Agosti ulizuka mgomo mkubwa wa mabaharia, makuli, wachimba makaa na wakata manyoya ya kondoo katika makoloni karibu yote. Safari hii hapakuwa na Mchina wa kusukumiwa lawama. Swali lilikuwa moja: je, vyama vina haki ya kuwepo na kuungana, au mwajiri aajiri amtakaye kwa masharti ayatakayo? Wale wa mienge ya Hyde Park walikuwa wapi? Pale New South Wales waziri mkuu alikuwa tena Henry Parkes, na serikali yake iliapisha polisi wa muda kulinda mizigo. Waheshimiwa wa mjini walipanda wenyewe magari ya manyoya ya kondoo kuyapeleka bandarini Circular Quay mbele ya wagomaji. Kule Victoria, waziri aliyeita askari wa farasi alikuwa kijana mwenye sifa ya upole na maendeleo, Alfred Deakin, na kamanda wao, Kanali Tom Price, aliwaambia wakiamriwa kufyatua walenge chini wawalaze watu. Mgomo ukavunjika kabla mwaka haujaisha.

Wahenga wetu walisema, mtanisamehe wazee kwa neno hili mbele ya kina mama, nguo ya kuazima haisitiri matako. Makofi ya 1878 yalikuwa ya kuazima. Mwenyewe alipoihitaji nguo yake aliichukua, akawaacha mabaharia vilevile.

Je, walijifunza? Walijifunza nusu. Baada ya kushindwa waliunda chama cha siasa, Labor, na mwaka 1891 kikaingiza wabunge 35 katika bunge la New South Wales kwa mkupuo mmoja. Hilo lilikuwa jambo kubwa duniani. Lakini makoloni sita yalipoungana kuwa nchi moja ya Australia na bunge la shirikisho likaanza mwaka 1901, kiongozi wa Labor, Chris Watson, alisema waziwazi kwamba suala la kazi na mishahara lipo, ila pingamizi lake kubwa ni damu kuchanganyika. Hapo ndugu zangu hatuzungumzii tena bahasha ya mshahara. Na aliyesimama upande wa serikali kuutetea muswada wa kuzuia wahamiaji, kwa ufasaha mkubwa, ni Alfred Deakin. Yuleyule wa askari wa farasi. Waliokosana kwenye ukuta wa bandari walikutana kwenye mlango wa nchi.

Mwaka huohuo sheria ya posta ikaamuru kwamba meli zinazopewa mikataba ya kubeba barua za Australia ziwe na wafanyakazi weupe peke yao. Mnaikumbuka Queensland na fedha zake za barua? Kitisho cha 1878 kikawa sheria ya nchi nzima.

Nisiwasahau Wachina waliogoma. Hawa husahaulika kwa sababu wanaharibu hadithi ya pande zote mbili. Melbourne ilikuwa na karakana nyingi za samani za Wachina. Mafundi wake walikuwa na chama chao, na mwaka 1885 waligoma dhidi ya waajiri wao, ambao pia walikuwa Wachina, wakadai malipo bora. Waligoma tena miaka ya baadaye. Yaani yule aliyeambiwa kwamba kwa asili yake hawezi kugoma, aligoma. Vyama vya Wazungu havikuwafungulia mlango. Badala yake sheria ya viwanda ya Victoria ya 1896 ilisema mahali popote anapofanya kazi Mchina, hata mmoja peke yake, ni kiwanda cha kukaguliwa, na kila kabati na kila meza ipigwe muhuri kuonyesha imetengenezwa na mikono ya nani, Mzungu au Mchina. Mnunuzi alipindua kiti kutazama chini yake kabla ya kukikalia.

Mtasema Australia ni mbali. Si mbali kama mnavyodhani. Ile sheria ya wahamiaji ya 1901 haikutaja Wachina kwa jina. Iliweka mtihani: afisa anakusomea maneno 50 kwa lugha ya Ulaya aliyoichagua yeye, nawe uandike. Mwaka 1934 Egon Kisch, mwandishi Mzungu kutoka Prague aliyejua lugha nyingi, alipewa mtihani huo kwa Kigaeli cha Scotland, kwa sababu serikali haikuzipenda siasa zake. Ujanja wa mtihani wa lugha ulitoka bara letu. Januari 1897, bandarini Durban, umati wa Wazungu ulikusanyika kuzuia abiria Wahindi wa meli mbili, Courland na Naderi, wasishuke. Mmoja wao, mwanasheria kijana aitwaye Gandhi, alipigwa njiani. Koloni la Natal likatunga sheria ya mtihani wa lugha mwaka huohuo, na Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni kule London, akaisifia kwa makoloni mengine kuwa njia ya adabu ya kubagua bila kutaja rangi.

Najua pia baadhi yenu mmekaa mkifikiria Kariakoo. Mwaka 2023 wafanyabiashara wa Nairobi waliandamana dhidi ya duka kubwa la Mchina, na mwaka 2025 serikali yetu ya Tanzania ilipiga marufuku wasio raia katika aina 15 za biashara. Sitafananisha kwa pupa. Sisi hatukuja hapa kwa meli kunyang'anya ardhi ya mtu, na mwenye mtaji anayefungua duka si sawa na kuli aliyeandikishwa Hong Kong. Mzawa mwenye kibanda ana haki ya kulindwa. Ninachotaka ni kwamba siku mtakapoona mwajiri wa kwetu, anayemlipa msaidizi wake wa duka posho ya nauli tu, anabeba bango mbele ya maandamano hayo, mumuulize yule msaidizi analipwa ngapi.

Namalizia na Transvaal, nchi ya migodi ya dhahabu kule Afrika Kusini, maana huko mambo haya yote yalikusanyika. Baada ya vita vya Makaburu Waafrika wengi walikataa kurudi migodini kwa mishahara iliyokuwa imepunguzwa. Huo nao ni mgomo, ingawa vitabu vingi haviuiti hivyo. Badala ya kuongeza mshahara, mabwana wa dhahabu na serikali ya Lord Milner, gavana Mwingereza, waliagiza Wachina zaidi ya 63,000 kuanzia mwaka 1904, wakawafungia kambini kwa mikataba ya miaka mitatu. Wachimbaji Wazungu, wengi wao kutoka Cornwall na Australia, walijua la kudai: sheria ikaorodhesha kazi 55 ambazo Mchina haruhusiwi kuzigusa. Wachina waligoma North Randfontein mwaka 1905, peke yao. Wazungu waligoma mwaka 1907, peke yao, na migodi ikaendelea kuchimbwa na Wachina na Waafrika mpaka mgomo ukafa. Mchina wa mwisho akarudishwa kwao mwaka 1910. Orodha ya kazi haikurudi naye. Mwaka uliofuata sheria mpya ya migodi ya Afrika Kusini ilitumika kuwafungia Waafrika kazi za ufundi, na mwaka 1922 wachimba dhahabu Wazungu walipogoma chini ya bango la wafanyakazi wa dunia kuungana kwa ajili ya Afrika Kusini ya weupe, waziri mkuu Jan Smuts aliwatumia ndege na mizinga.

Ndugu Mwenyekiti, yule mzee wa safu ya pili amenyosha mkono tangu nilipotaja Kariakoo, na uso wake unaonyesha hakubaliani nami. Naomba apewe kipaza sauti.